Flashi ya Linux ikikukatalia, soma kwanza imesema nini

Haya jamani, mlioko nyuma sogeeni mbele viti bado vipo, na wenye flashi chomekeni kabisa twende pamoja. Leo ni ruhusa za mafaili tu, pale unapowasha kompyuta kwa Linux iliyoko kwenye flashi, tuseme laptopu ya mtu imegoma kuwaka na wewe umeitwa umtolee picha zake.

Watu hamsomi! Ukikataliwa tu unakimbilia sudo chmod -R 777, yaani kwa mamlaka ya msimamizi (sudo) unampa kila mtu ruhusa zote kwenye mafaili yote. Wakati kwenye skrini umeshaambiwa ugonjwa wako. "Permission denied" ni jambo moja, "Operation not permitted" ni jingine, na "Read-only file system" ni jingine kabisa, hiyo ya tatu hata uwe root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, unatoka kapa.

Tuanze na ya kwanza maana ndo inasumbua wengi. Fungua terminal, dirisha la kuandikia amri, upige ls -ln, inayoorodhesha mafaili na wenyewe, msisahau hiyo n. Umeona? Majina yamepotea zimekuja namba. Diski ya ext4, mpangilio wa kawaida wa diski za Linux, haihifadhi jina la mwenye faili, inahifadhi namba, na kwenye Ubuntu na Debian yuza wa kwanza anapewa 1000. Sasa piga id uone namba yako wewe uliyeko kwenye flashi, kama yako ni 999 na mafaili ni ya 1000 basi kwa Linux wewe ni mgeni tu, haijali kwamba laptopu umeishika mkononi. Tena kuanzia Ubuntu 21.04 folda ya nyumbani ya yuza inatengenezwa na ruhusa 750, yaani watu baki hata kuingia hawaingii. Na kumbukeni faili lenyewe linaweza kuwa wazi kabisa ila folda moja huko juu ndo imefunga njia, hapo kuna amri wengi hawaijui, namei -l halafu njia nzima ya faili, inakuonyesha kila folda ni ya nani na ina ruhusa gani.

Sasa msije mkapiga chown, amri ya kubadilisha mwenye faili, kwenye diski ya mtu! Ikija kuwaka yeye mwenyewe atakataliwa mafaili yake. Nakili kwa sudo kupeleka diski nyingine, halafu chown ipige kwenye nakala.

Ya pili, "Operation not permitted". Hii mara nyingi ni diski ya FAT32 au exFAT, mipangilio inayotumika sana kwenye flashi, angalia kwa lsblk -f. Hizo hazina pa kuandika mwenye faili wala ruhusa za Linux, kwa hiyo ukipiga chown inagoma waziwazi, na chmod, ya kubadilisha ruhusa, kwenye FAT32 ndo ya ajabu, inaweza kupita kimya kama imekubali, ukiangalia hakuna kilichobadilika, mtu anairudia mpaka jasho linamtoka. Ruhusa hapo zinapangwa wakati wa kumaunti, yaani kuiunganisha diski kwenye folda ili isomeke: sudo umount /dev/sdb1, kisha sudo mount -o uid=1000,umask=022 /dev/sdb1 /mnt, weka namba yako na jina la diski yako, usinakili yangu. Kama ni skripti tu, faili lenye amri, haitaki kukimbia, andika bash mbele ya jina lake uendelee na maisha. Hiyo ya pili ikitokea kwenye ext4 na wewe ni root, piga lsattr, ukikuta herufi i faili limefungwa, chattr -i inalifungua.

Na hiyo 777, mtu akiipiga kwenye mfumo mzima inaifuta ile alama ya setuid kwenye sudo, inayoiruhusu ifanye kazi kama root, basi sudo inakufa, na ya kuitengenezea ni hiyohiyo sudo. Funguo za SSH, za kuingilia kompyuta nyingine kwa mbali, nazo zinakataliwa kwa sababu ziko wazi kwa kila mtu.

Ya tatu, "Read-only file system", fupi: diski inasomeka tu, haiandikiki. Kama ni diski ya Windows, mara nyingi Windows haikuzimwa kikamilifu kwa sababu ya Fast Startup, ile njia yake ya kuwaka haraka, rudi Windows ushike Shift wakati unabonyeza Shut down. Kama ni ext4 ilikuwa inaandikika vizuri halafu ghafla ikagoma, piga sudo dmesg, inayoonyesha ujumbe wa mfumo, usome mistari ya mwisho, ukikuta I/O error acha habari za ruhusa, diski au flashi hiyo huenda inakufa, toa vya muhimu kwanza ndo ufikirie fsck, amri ya kukarabati diski.

Haya, nani flashi yake imemgomea hapa? Nisomee kilichoandikwa, neno kwa neno.