Kebo ya bondeni: chaneli ya mji mdogo ilianzaje?

KAKA: Karibu, msikilizaji. Leo tunaanzia Lansford, mji wa wachimba makaa ya mawe jimboni Pennsylvania, Marekani. Dada, kwa nini televisheni ya kebo ilishika mizizi kwenye miji midogo kama huu?

DADA: Mlima, kaka. Mawimbi ya televisheni husafiri kwa kunyooka. Lansford iko bondeni, Philadelphia iko zaidi ya kilomita 100, na milima imesimama katikati. Kileleni antena inapata picha, mjini unapata chenga tupu. Tena kuanzia Septemba 1948 hadi Aprili 1952, FCC, yaani mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, ilisimamisha leseni za stesheni mpya. Hakuna aliyeruhusiwa kuja kujenga mnara karibu.

KAKA: Na Robert Tarlton alikuwa muuza redio na televisheni pale pale. Nani anunue seti ya kutazama chenga? Mwaka 1950 yeye na wenzake wakaunda Panther Valley Television, wakasimika antena mlimani, wakashusha kebo mjini ikiwa na chaneli 3, 6 na 10 za Philadelphia. Mteja alilipa ya kuunganishiwa, kisha dola 3 kwa mwezi.

DADA: Wengine walikuwa wameshajaribu. Ed Parsons alifanya hivyo Astoria, Oregon, mwaka 1948, na John Walson wa Mahanoy City, Pennsylvania, alidai kuwa naye alifanya hivyo mwaka huohuo.

KAKA: Tuingie kwenye waya wenyewe, maana hapo ndipo mafundi walipohangaika.

DADA: Kebo inakula nguvu ya mawimbi, na masafa ya juu huliwa zaidi kuliko ya chini. Kwa hiyo unaweka amplifaya njiani. Kipimo kilichozoeleka baadaye kwenye kebo kuu ni desibeli 22 (desibeli ni kizio cha kulinganisha nguvu ya mawimbi): kebo ikishapoteza 22, amplifaya inarudisha 22, unaendelea. Lakini kila amplifaya inaongeza chenga zake. Idadi yake ikiwa mara mbili, kelele, yaani mchafuko unaoleta chenga, inapanda desibeli 3. Ndiyo maana mteja wa mwisho wa mstari ana picha mbovu kuliko jirani wa antena, na amplifaya ya kwanza ikizima, mji mzima uko gizani.

KAKA: Na joto?

DADA: Joto ni adui ambaye mafundi wapya humsahau. Upotevu wa kebo hubadilika kama asilimia 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi. Chukua mstari wa amplifaya 20: jumla ni desibeli 440. Kati ya baridi kali na kiangazi, tofauti ya nyuzi 30, unapata badiliko la kama desibeli 24. Hiyo ni zaidi ya amplifaya nzima! Ukirekebisha mchana wa jua na kuondoka, usiku wa baridi mawimbi yatazidi nguvu na picha zitaingiliana. Dawa yake ni amplifaya zinazojirekebisha zenyewe.

KAKA: Sasa chaneli ya mji. Kwenye kebo huhitaji mnara wala masafa ya hewani. Unahitaji kamera, moduleta ya kupandisha picha kwenye chaneli iliyo wazi, na kiunganishi cha kuichanganya na zile nyingine. Basi.

DADA: Ndiyo maana chaneli nyingi za mwanzo zilikuwa za saa na hali ya hewa. Kamera moja inazungushwa taratibu na mota mbele ya saa ya ukutani, kipimajoto, kipimo cha mgandamizo wa hewa, kisha kadi yenye tangazo la mji, halafu inarudi. Napenda sana kifaa kile: bila mtangazaji, mtu anajua kama avae koti. Kamera ikiganda kwenye picha moja angavu kwa muda mrefu, vidikoni yake, yaani neli ya kunasa picha ndani ya kamera, huungua alama ile isifutike.

KAKA: Kosa kubwa kwenye moduleta ni sauti. Kwa mfumo wa Marekani, chaneli ina upana wa megahezi 6, na wimbi la sauti liko megahezi 1.5 tu chini ya wimbi la picha la chaneli ya juu yake. Sauti iwekwe kama desibeli 15 chini ya picha. Ukiipandisha ili isikike vizuri, chaneli ya juu yake inapata mistari ya mawimbi inayocheza na maneno. Kwenye PAL, mfumo mwingine wa televisheni, namba ni nyingine, mantiki ni ileile.

DADA: Mwaka 1969 FCC ikaamuru kampuni za kebo zenye wateja 3,500 au zaidi zitengeneze vipindi vyao. Mahakama ya Juu ya Marekani ikakubali mwaka 1972, lakini amri haikudumu. Kilichodumu ni sheria ya 1984: mji unaweza kudai chaneli za umma, elimu na serikali, na kutoza kampuni hadi asilimia 5 ya mapato ya kebo.

KAKA: Miji mingi huendesha chaneli hizo kwa fedha hizo.

DADA: Na tozo hiyo ni ya huduma ya televisheni, si ya intaneti. Mteja akikata televisheni na kubaki na intaneti kwenye waya uleule, mji haupati kitu kwake. Studio inaanza kwa kupunguza saa za kurekodi mikutano ya baraza la mji.