Taa ya mashine ya kukuzia picha: tengeneza mwenyewe kwa negativu za inchi 4 kwa 5

Habari zenu watazamaji, karibuni tena hapa Ngarenaro, Arusha, kwenye chumba changu cha uani. Leo hatupigi picha. Leo tunashika bisibisi.

Hii iliyosimama nyuma yangu ni mashine ya kukuzia picha, ya negativu kubwa za inchi 4 kwa 5: taa juu, mwanga unapita kwenye negativu na lenzi, picha inatua kubwa kwenye karatasi ya picha iliyoko chini. Nilipewa na mzee mmoja aliyekuwa na studio mjini enzi za picha nyeusi na nyeupe. Ilikuwa stoo, imeviringishwa kanga, juu yake magunia ya mahindi. Lenzi yake ya milimita 150 nzima kabisa. Kilichokosekana ni kichwa cha taa. Nikamuuliza, "Mzee, taa iko wapi?" Akacheka tu.

Na usione aibu kujitengenezea taa. Ansel Adams, yule Mmarekani wa picha za milima, kwake Carmel alikuwa na mashine ya kulala, inayomulika kwa mlalo badala ya kumulika chini, ya negativu za inchi 8 kwa 10, na taa yake ilikuwa ubao wa balbu nyingi, kila balbu na swichi yake. Sisi tunafanya jambo lile lile, ila kwa taa za LED za mkanda.

Kwanza elewa tunatafuta nini. Watu wengi wanadhani taa ya mashine inatakiwa iwe kali. Hapana. Inatakiwa iwe sawa: pembeni na katikati, mwanga ule ule. Ukali ukipungua unaongeza sekunde, basi. Lakini mwanga usio sawa utakuandama kwenye kila picha.

Mashine nyingi za zamani zinatumia balbu moja na lenzi nene za kukusanya mwanga. Kwa negativu ya ukubwa huu, lenzi hizo zinakuwa pana kama sahani ya wali, na kuzipata hapa ni bahati. Sisi tunapitisha mwanga kwenye plastiki nyeupe ya maziwa ili utawanyike. Faida yake, vumbi na mikwaruzo ya negativu havionekani sana. Hasara yake, picha inakuwa laini kidogo, weusi na weupe haviachani sana. Jambo hilo Mbelgiji André Callier alilieleza tangu mwaka 1909. Dawa yake ni kuiacha negativu kwenye dawa ya kusafishia muda mrefu kidogo, au kutumia karatasi ya picha iliyo ngumu zaidi, yaani inayoachanisha zaidi weusi na weupe. Tutafika huko.

Vifaa. Plastiki ya maziwa, yaani akriliki nyeupe ya milimita 3, usiende kuitafuta duka la picha. Nenda kwa wanaotengeneza mabango ya duka yale yanayowaka usiku. Wanakata vipande kutwa nzima, na vinavyobaki vinalala kwenye kona. Mimi vipande viwili nimevipata kwa bei ya soda mbili. Bati la alumini, fundi wa madirisha atakukatia. Plaiwudi unayo. Mkanda wa LED nunua kwenye maduka ya umeme ya barabara ya Sokoine: ule wa rangi tatu, volti 12, taa 60 kwa mita moja. Angalia uwe na nyaya nne. Chukua mita mbili, utatumia moja na nusu. Na adapta ya volti 12, ampea 3.

Kwa nini rangi tatu na si nyeupe? Subiri, hapo ndipo utamu ulipo.

Sasa kazi. Tengeneza boksi la plaiwudi lisilo na chini, ndani sentimita 16 kwa 16, kina sentimita 8. Negativu ni kama sentimita 10 kwa 12 na nusu, kwa hiyo mwanga unaizidi pande zote. Ukibana boksi liwe saizi ya negativu, kona za picha zitakuja na ukungu mweupe, nakuambia mapema. Ndani paka rangi nyeupe isiyong'aa, mikono miwili. Nje paka nyeusi.

Bati la alumini ndiyo dari la boksi. Kata mkanda vipande kumi vya sentimita 15; unakata pale penye alama ya mkasi tu, kila sentimita 5. Taa na taa kwenye mkanda zimeachana kama milimita 17, basi na mistari yako iachanishe hivyo hivyo. Bandika, kisha unganisha mistari kwa kulehemu: 12V kwa 12V, G (kijani) kwa G, R (nyekundu) kwa R, B (bluu) kwa B. Usikimbie hapa. Waya mmoja ukigusana na jirani yake utawaka rangi usiyoiita.

Haya, sogea karibu na kamera ione. Hapa ndipo nilipoharibu boksi la kwanza. Niliweka plastiki karibu sana na taa, sentimita 2 tu, nikiogopa kupoteza mwanga. Nikachapisha picha ya Mlima Meru asubuhi, anga safi, nikajisifu. Shangazi yangu akaishika akaitazama, akauliza, "Mbona hili anga lina mabati?" Na kweli, milia juu mpaka chini. Nilikuwa nimeshalaumu dawa, nimelaumu negativu, kumbe ni mistari ya mkanda.

Kanuni ninayoifuata sasa: kutoka taa mpaka plastiki ya kwanza, umbali uwe angalau mara tatu ya nafasi ya taa na taa. Milimita 17 mara tatu, sentimita 5. Plastiki ya pili iweke sentimita 2 chini yake, na kati yake na negativu acha tena sentimita 1, ili vumbi lililoko juu ya plastiki lisionekane kwenye picha.

Umeme. Waya wa 12V unakwenda moja kwa moja kwenye adapta. Rangi tatu, kila moja ipitie swichi yake ndipo irudi kwenye hasi. Swichi ziwe upande huu wa volti 12, siyo kwenye soketi ya ukutani. Ukizimia ukutani, adapta ina umeme uliobaki ndani, taa inafifia polepole badala ya kuzima, na sekunde zako zote zinakuwa za kubahatisha.

Umeme ukikatika unaweza kutumia betri ya sola, maana nayo ni volti 12. Lakini betri haitulii: ikijaa inapanda, ikichoka inashuka, na mkanda huu ukipungukiwa hata nusu volti mwanga unapungua kiasi cha kuonekana kwenye karatasi. Weka katikati saketi ndogo ya kurekebisha volti, wanaziuza mafundi redio.

Sasa zile rangi. Karatasi za siku hizi za ugumu wa kubadilika, kama Multigrade ya Ilford, zinasikia bluu na kijani. Bluu inakupa picha ngumu, weusi mweusi na weupe mweupe. Kijani inakupa picha laini. Kwa hiyo huhitaji vichujio. Unawasha kijani sekunde kadhaa, unazima, unawasha bluu sekunde kadhaa, na uwiano wa hizo mbili ndio ugumu wa picha yako. Bluu itaonekana hafifu machoni. Usidanganyike, karatasi inaiona vizuri kuliko wewe. Kulenga lenzi, lenga kwa kijani.

Na nyekundu? Karatasi hizi haziioni nyekundu, au haziioni kwa kiasi cha kukusumbua. Kwa hiyo unaweza kuwasha nyekundu karatasi ikiwa tayari mezani, ukapanga picha ikae sawa. Ila ijaribu kwanza: weka sarafu juu ya kipande cha karatasi, washa nyekundu dakika mbili, kisafishe. Ukiona duara la sarafu, usiiamini.

Jaribio la mwisho ni hili, na usilirushe. Toa negativu. Punguza tundu la lenzi hadi alama ya f/11, washa bluu peke yake, chapisha karatasi nzima iwe kijivu. Bluu kwa sababu inakuza kila kasoro. Karatasi ikikauka itazame kwa mbali, kisha igeuze miguu juu, itazame tena. Mahali palipopata mwanga mdogo patakuwa peupe zaidi. Ukiona kasoro, zungusha boksi robo mzunguko, uchapishe nyingine. Kasoro ikizunguka, kosa ni la boksi. Ikibaki pale pale, ni lenzi, maana lenzi zote hufifisha kona kidogo. Katikati ikizidi, chana kiduara cha karatasi ya kunakilia, ile nyembamba inayopitisha mwanga, kichane kwa mkono kingo zisiwe kali, ukibandike juu ya plastiki ya kwanza. Mimi nimebandika viwili, kimoja juu ya kingine. Unaviona hapa, vibaya hivyo hivyo lakini vinafanya kazi.

Ziba mianya yote kwa tepu nyeusi. Zima taa ya chumba, washa boksi, kaa dakika tano macho yazoee, ndipo utafute panapovuja.

Yangu nimeshaziba. Negativu ya Meru iko ndani, kijani nitaanza na sekunde 8, bluu 5. Nazima kamera sasa, maana skrini yake ina mwanga na nataka kufungua pakiti ya karatasi.