Helmeti ya mwanaanga wa Ngomeni, kwa sponji ya champali

Hamjambo, karibuni tena uani. Hii hapa ndiyo kazi ya leo. Naizungusha polepole muione. Tazameni hapa karibu na sikio la kushoto: rangi nyeupe imebanduka, chini yake bati linang'aa, na kwenye skrubu kuna michirizi ya kutu. Sasa naibonyeza kwa kidole. Umeona? Imebonyea. Hakuna bati wala skrubu. Ni sponji, ile ile ya champali, au ndala kama wasemavyo wenzetu wa bara.

Kabla ya kushika kisu, tunga kisa. Nani aliivaa, na alikuwa wapi? Helmeti isiyo na mwenyewe huishia kufanana na ndoo. Yangu ni ya fundi wa anga wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Pale baharini kuna majukwaa ya chuma ya Waitaliano, na tarehe 12 Desemba 1970 roketi ya Scout ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco ikiwa na setilaiti ya kwanza kabisa kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani. Ilikuwa siku ya kuadhimisha miaka 7 ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Hadi hapo ni historia. Mimi nimeongeza uongo kidogo tu: nimejifanya kwamba waliendelea, wakaanza kurusha na watu. Basi helmeti yetu imekaa miaka mingi kwenye upepo wa chumvi. Shikeni hilo la chumvi, tutalirudia.

Vifaa. Ile mikeka ya sponji ya watoto inayounganishwa kwa meno, ya sentimita 60 kwa 60, unene wa milimita 10. Kwa hesabu mmoja unatosha, lakini nunua miwili, maana utakosea. Sponji nyembamba ya milimita 5 kwa ajili ya mapambo. Gundi ya fundi viatu, ile ya njano. Gundi nyeupe ya mbao. Kisu cha kusukuma ulimi pamoja na nyembe zake za akiba, kwa sababu sponji hii hula makali upesi. Msasa namba 120. Rangi ya kupuliza ya fedha na nyeupe. Chupa kuukuu la maji la lita 20. Chumvi ya mawe. Na ile sponji nyeupe ya punjepunje inayokuja na televisheni usiiguse kwa kazi hii: gundi ya viatu huiyeyusha, na rangi ya kupuliza pia.

Tuanze na kipimo. Zungusha utepe kichwani juu ya nyusi, ukipitia pale nyuma palipotokeza. Pima na nywele zako kama zitakavyokuwa siku ya kuvaa. Ya kwanza niliipima nimetoka kwa kinyozi, kichwa kinang'aa, nikaja kuivaa baada ya miezi mitatu nikiwa na msitu. Haikupita masikioni. Kipimo changu leo ni sentimita 57. Ongeza 18, tunapata 75. Hiyo 75 ndiyo namba mama, kila kitu kinazaliwa humo.

Helmeti ina sehemu mbili: kuba juu, ukuta chini. Kuba ni kama la msikiti, na tunalijenga kwa majani 6, mfano wa maganda ya chungwa. Upana wa jani chini ni namba mama gawa kwa 6, kwangu 12.5. Urefu wake ni namba mama gawa kwa 4, kwangu 18.75. Sasa sikiliza vizuri hapa, kwa sababu wengi huchora pembetatu wakapata kofia ya mchawi. Ubavu wa jani haunyooki, unatuna. Nusu ya urefu, yaani sentimita 9.4 kutoka chini, upana uwe 8.8. Robo tatu na zaidi kidogo unaanza kuingia ndani kwa haraka mpaka nchani. Chora kwenye boksi la kadibodi kwanza, likunje katikati uone kama pande mbili zinalingana, likate, ndipo ulitumie kuchorea majani yote 6. Yape namba kwa kalamu, upande wenye michoro ya mkeka ukae ndani.

Ukuta ni ukanda wa sentimita 75 kwa 20. Mkeka haufiki 75, kwa hiyo kata vipande viwili vya 37.5. Mishono itaangukia masikioni, na masikio tutayafunika. Hakuna hasara.

Kukata: kisu kisimame wima kabisa. Usikate kwa pigo moja kwa kulazimisha. La kwanza chora tu, la pili zama, la tatu maliza. Ukiona ukingo umechanika vijinyuzi kama mkate, wembe umechoka, vunja ncha usonge mbele.

Sasa moto. Mimi nina bunduki ya hewa moto. Kama huna, jiko la umeme linafaa, kipande ukikishika kwa koleo umbali wa kiganja juu ya jiko, ukikigeuza kama unayekausha papadi. Angalia uso wa sponji: mwanzo umepauka, una vinyweleo, halafu ghafla… pale, umeona? Umeanza kung'aa kidogo. Matundu yamejifunga. Acha hapo hapo. Ukiendelea utaunguza na moshi wake si wa kuvuta. Chukua jani likiwa la moto, libandike kwenye mgongo wa sufuria, likandamize kwa viganja mpaka lipoe. Likipoa linabaki na umbo hilo. Fanya hivyo kwa yote 6, na ukuta nao uviringishe.

Gundi ndiyo hatua inayowatia watu hasira, na kosa huwa ni pupa tu. Toka nje. Si dirisha wazi, nje kabisa, na pasiwe na jiko la mkaa wala mtu anayevuta sigara, maana mvuke wa gundi hii unashika moto na unaumiza kichwa. Paka kwa wembamba kwenye kingo zote mbili zitakazokutana. Halafu kaa. Kaa kabisa, kanywe chai. Huku kwetu pwani hewa ina unyevu, mimi nangoja kama dakika 15. Gusa kwa mgongo wa kidole: ikiwa haivuti uzi tena, iko tayari. Vikikutana vimekutana, hakuna talaka, kwa hiyo anzia nchani, unganisha kidogo kidogo ukishuka, jicho likiwa kwenye mstari. Majani matatu yanatoa nusu kuba, matatu mengine nusu ya pili, halafu nusu kwa nusu. Mwisho kuba lote juu ya ukuta. Mimi huanza kwa kulibana katika sehemu nne, mbele, nyuma na masikioni, ndipo najaza katikati. Ukianza upande mmoja ukazunguka tu, utamaliza na sentimita moja imezidi na hujui imetoka wapi.

Mianya iliyobaki, jaza kwa maji ya gundi nyeupe na unga wa sponji uliotoka kwenye msasa. Au tumia lipu laini ya kuzibia mianya inayokubali rangi. Silikoni ya mafundi bomba usiitie hapa. Niliwahi kuitia, ikajaza vizuri, ikapendeza, na rangi ikakataa kuishika katu. Ikamenyuka yote kama ngozi ya kitunguu.

Ndani, bandika kipande cha sponji ya godoro chenye unene wa sentimita 6 hivi chini ya kuba, na vipande vya sentimita 3 kwenye mashavu na kisogo. Vaa. Simama mbele ya kioo na mwombe mtu wa nyumbani aweke alama kwa nje pale macho yako yalipo. Hapa mpwa wangu ananisaidia, ametulia leo kwa ahadi ya soda. Kutoka kwenye alama panda sentimita 4, shuka 7, na upana sentimita 30 kwa kufuata mviringo. Vua kwanza. Nasema hivi kwa sababu kuna aliyeniuliza kama anaweza kukata akiwa ameivaa. Kata pembe zikiwa mviringo, pembe kali huchanika.

Kioo kinatoka kwenye ubavu wa lile chupa la maji. Kipenyo chake ni kama sentimita 27, kikubwa kidogo tu kuliko cha helmeti yetu kwa nje, kwa hiyo mviringo umeshaupata bure. Tafuta chupa lenye ubavu mpana usio na mikunjo, la sivyo utaona dunia vipande vipande. Kata sentimita 33 kwa 14 kwa jino la msumeno wa chuma, piga kingo msasa. Wanaanga wa Apollo walikuwa na tabaka jembamba la dhahabu kwenye vioo vyao, la kurudisha joto la jua. Sisi tunakwenda kwa fundi wa tinti za magari kuomba mabaki ya tinti ya kioo-kioo. Nyunyiza maji ya sabuni upande wa ndani, ambua karatasi, laza tinti, sukuma maji kutoka katikati kwenda pembeni kwa kadi ya simu ya zamani. Kabla ya kukibandika kioo kwenye helmeti, kiweke usoni ushuke nacho ngazi za nyumbani. Kama huoni ngazi, tinti hiyo ni nzito mno, rudi kwa fundi. Kioo weka kando, hakiingii mpaka rangi ikauke.

Mapambo ni uwanja wako. Masikio yangu ni vifuniko vya makopo ya mafuta ya kujipaka, juu yake vizibo vya soda. Bomba la nyuma ni kipande cha mpira wa mashine ya kufulia. Skrubu ni vidoti vya sponji nyembamba nilivyotoboa kwa ganda la kalamu. Usijaze kila mahali. Acha uwanja mtupu, halafu songamanisha vitu sehemu moja au mbili, kama mashine za kweli zilivyo.

Pitisha moto mara ya mwisho, halafu paka gundi nyeupe iliyopunguzwa na maji, mikono mitatu, kila mkono ukauke. Hiyo inazuia sponji isinywe rangi. Kisha puliza fedha, mwili mzima. Acha hadi kesho.

Kesho yake ndipo chumvi inapoingia. Lowesha kidogo zile sehemu ambazo zingegusana na vitu: kingo, pembe za dirisha, paji, kuzunguka masikio. Nyunyiza chumvi ya mawe, nyingine nene nyingine ndogo. Huko Gongoni, jirani ya Ngomeni, wanaivuna chumvi, kwa hiyo hata kisa chetu kimekaa sawa. Maji yakikauka chumvi itashika. Sasa puliza nyeupe, nyembamba, kwa mbali, mara mbili. Ikikauka, sugua kwa mswaki mkuukuu… subiri nisogeze kamera… hii hapa. Kila punje inapodondoka inaacha kidonda chenye fedha chini yake, na hakuna viwili vinavyofanana. Kwa brashi ningekaa wiki nzima na bado vingeonekana vimechorwa. Suuza kwa maji, kausha.

Kutu ni rangi ya maji ya kahawia na tone la chungwa. Gusa chini ya kila skrubu, halafu vuta kwa kidole kilicholowa kuelekea chini, kwa sababu mvua hunyesha kwenda chini. Nimeona helmeti za watu kutu imekwenda ubavuni. Maandishi nimeyakata kwenye teipu ya karatasi: UHURU mbele, 12.12.70 ubavuni. Na nyuma, kwa kuwa mimi ni mtoto wa pwani na chombo bila jina ni aibu, nimeandika kama kwenye kanga: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO.

Bandika kioo kwa nje, funika kingo zake kwa ukanda wa sponji nyembamba. Pumzi ni jambo la kweli, si pambo: chini iko wazi, sawa, lakini toboa pia matundu nyuma na uweke feni ndogo ya kompyuta ya mkononi, ile ya volti 5, kwenye pawabenki. Ile ya kompyuta ya mezani ni volti 12, kwenye pawabenki itazubaa tu. Kioo kikiingia ukungu, paka sabuni ya vyombo kiduchu kwa ndani, futa kwa kitambaa kikavu. Na tafadhali, hii si ya kupandia bodaboda. Ni sponji.

Usiiache ndani ya gari juani, mishono itaachia na kuba litakaa upande. Mimi huiweka juu ya ndoo ya lita 10 iliyopinduliwa, pale kivulini. Leo mama ameichukua ndoo yake, kwa hiyo mwanaanga wetu amelala juu ya mtungi.