Mtandao wa Nyumbani Hauli Mega: Kuunganisha Tele, Ampli na Diski Katika Nyumba za Bukavu

Wapapa, wamama, na ninyi vijana mnaofunga tele za watu kuanzia Ibanda hadi Bagira, asanteni kwa kufika.

Kuna swali ninaloulizwa mara kwa mara: tele yangu ni ya kisasa, ina Wi-Fi, lakini sina pesa ya kununua mega, yaani data ya intaneti, kila siku, hiyo Wi-Fi inanisaidia nini? Inakusaidia sana. Mtandao wa nyumbani ni kitu kimoja, intaneti ni kitu kingine. Ruta, kile kisanduku kinachotoa Wi-Fi, ikipata umeme tu, inaunda mtandao, hata kama haina mega hata moja. Inazigawia tele, ampli, simu na kompyuta namba zao, mara nyingi zinazoanza na 192.168, na kuanzia hapo vifaa hivyo vinapeana filamu na muziki ndani ya nyumba. Ni kama barabara ya Uvira ikikatika: wauzaji wa soko la Kadutu bado wanauziana wao kwa wao.

Tufanye hesabu. Netflix inashauri megabiti 5 kwa sekunde kwa picha ya Full HD. Kwa filamu ya saa 2 hizo ni kama giga 4 na nusu, maana megabiti 8 ni mega 1. Kwa picha ya 4K inashauri megabiti 15, na filamu ileile inafika giga 13 na nusu. Sasa mfikirie mama ambaye watoto wake wanataka katuni moja kila jioni. Akiitazama kupitia intaneti, anailipia upya kila jioni. Ikiwa kwenye diski iliyounganishwa na ruta, inachezwa hata mara mia na hakuna faranga inayotoka. Kwa mji wetu, ambako mega ni ghali na umeme unakatika, hapo ndipo pa kuanzia. Intaneti iongezwe baadaye, kwa mwenye uwezo.

Njia rahisi ni ruta yenye tundu la USB. Chomeka diski, ingia kwenye mipangilio ya ruta, washa sehemu ya kushirikisha midia. Tele nyingi zinaelewa DLNA, utaratibu ulioanzishwa mwaka 2003 na kampuni za vifaa, Sony na Intel zikiwemo, ili vifaa vya chapa tofauti viweze kusomana. Shirika lenyewe lilivunjwa mwaka 2017, lakini utaratibu bado umo ndani ya tele. Ruta yako haina USB? Chukua kompyuta ya zamani uweke Jellyfin, programu ya bure kabisa ya kugawia tele filamu zilizo kwenye kompyuta. Diski ikikataa kupokea filamu kubwa ingawa nafasi ipo, huenda imeandaliwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, ambao haukubali faili linalozidi giga 4. Hamisha vilivyomo, uiandae upya kwa exFAT au NTFS, ile ambayo ruta yako inaisoma.

Vijana, mkiitwa kwa sababu "tele haioni diski", msikimbilie kufungua tele. Angalieni kwanza kama vyote viwili viko kwenye mtandao mmoja. Nyumba nyingi zina modemu ya 4G inayotoa Wi-Fi yake, na ruta ya pili inayotoa yake. Simu iko huku, tele iko kule, haziwezi kuonana. Mtandao wa wageni nao umetengenezwa makusudi ili vifaa visionane. Ruta ya pili iwekeni katika hali ya kupitisha tu (access point), kazi ya kugawa namba ibaki kwa moja.

Hapa kuna jambo la milima yetu. Modemu inataka dirisha linalotazama mnara, na mara nyingi mnara uko kilima cha ng'ambo. Sebule iko upande mwingine, nyuma ya kuta mbili za tofali. Watu wanaihamishia modemu sebuleni, wanapoteza 4G. Iacheni dirishani! Vuteni kebo ya mtandao hadi sebuleni. Cat5e inabeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, na hakuna nyumba ya Bukavu inayofika huko. Kwenye nyumba ya mbao Wi-Fi inapita vizuri. Kwenye zile za zamani za matofali manene, tumieni masafa ya Wi-Fi ya GHz 2.4 kwa chumba cha mbali, na GHz 5 pale tele na ruta zinapokaa chumba kimoja. Na mnaokaa karibu na mto Ruzizi, mpakani, zimeni rominga kwenye modemu, isije ikashika mtandao wa Rwanda ikamaliza salio.

Ampli haina maneno mengi: kebo ya HDMI kwenye tundu lililoandikwa ARC, na sauti ya tele inarudi kwenye ampli kwa kebo hiyohiyo.

Sasa radi, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Mwaka 2016 watafiti walichapisha orodha ya mahali penye radi nyingi duniani, kwa vipimo vya setelaiti. La kwanza ni Ziwa Maracaibo kule Venezuela. La pili, na la kwanza Afrika nzima, ni Kabare, hapa jirani kabisa: miale kama 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Radi haihitaji kuipiga nyumba yako. Ikianguka karibu, inasukuma umeme mkali ndani ya nyaya zote ndefu: za umeme, za parabole, na za mtandao pia. Mtu anachomoa tele ukutani, anajiona salama, kumbe kebo ya parabole na ya mtandao bado zimeshika. Zote zichomolewe. Ralonji ya kinga, ile ya kuzuia umeme mkali, inafaa, lakini bila waya wa ardhi uliofungwa vizuri kinga yake ni nusu, na nyumba nyingi hazina waya huo. Fundi asiyeukagua hajamaliza kazi.

Kwa sababu hiyohiyo, msivute kebo ya shaba nje kwenda nyumba ndogo ya uani ili watoto nao waone filamu. Ndani ya nyumba moja, kebo ni nzuri. Kati ya nyumba mbili, wekeni Wi-Fi ya kuelekezana, au faiba, maana kioo chake hakipitishi umeme. Anayetaka kutenga zaidi, sauti kati ya tele na ampli apitishe kwenye kebo ya mwanga badala ya HDMI: ampli ikipigwa, tele haipati chochote kupitia hapo.