Kipimajoto cha maji ya mwani kwa Pico na MicroPython

Assalaam alaykum, karibu. Leo tunatengeneza kipimajoto cha maji kwa ajili ya wakulima wa mwani, mfano wa kina mama wa Paje na Jambiani, Zanzibar. Wao wanajua fika kwamba kotoni, aina ya mwani wanaoulima, haivumilii maji yakipata joto sana: inapauka, inakatika. Tunachotaka kuwaongezea ni namba. Joto lilipanda saa ngapi, likakaa kwa muda gani.

Mezani nina Raspberry Pi Pico, kibao kidogo chenye chipu ya kompyuta, kihisio cha joto cha DS18B20 chenye kichwa cha chuma na waya mrefu, na rizista moja ya kilo-omu 4.7. Itambue kwa mistari yake: njano, zambarau, nyekundu.

Chipu ya Pico ina RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya kilobaiti 264 tu, lakini inaendesha Python, lugha ya kuandikia programu. Kazi hiyo aliianza Damien George, mwanafizikia wa Australia, aliyechangisha fedha mtandaoni mwaka 2013 na kuiandika Python upya, kwa jina la MicroPython, ili itoshe kwenye chipu ndogo. Mimi naipenda kwa jambo moja kubwa: unaandika mstari mmoja, chipu inakujibu papo hapo. Anayeanza kujifunza anaona matunda mapema, hakati tamaa.

Pakua faili la MicroPython la Pico, lile linaloishia na .uf2. Bonyeza kitufe cha BOOTSEL, usikiachie, kisha chomeka USB kwenye kompyuta. Itatokea kama flashi, jina lake RPI-RP2. Buruta faili uliweke humo. Pico itajiwasha upya yenyewe. Flashi isipotokea, badilisha waya kwanza, kwani nyaya nyingi za simu zinachaji tu, hazipitishi data.

Sasa chomoa USB tuunganishe. Waya mwekundu wa kihisio uende mguu wa 36 wa Pico, mweusi mguu wa 28, wa njano mguu wa 29, ambao kwenye programu ni pini 22. Rizista ikae kati ya mwekundu na wa njano. Usiiruke hii, bila yake kihisio hakionekani.

Chomeka tena, fungua Thonny, programu ya kuandikia Python kwenye kompyuta, chagua MicroPython ya Pico, uandike:

```
import machine, onewire, ds18x20, time
waya = onewire.OneWire(machine.Pin(22))
kihisio = ds18x20.DS18X20(waya)
vyote = kihisio.scan()
while True:
    kihisio.convert_temp()
    time.sleep_ms(750)
    joto = kihisio.read_temp(vyote[0])
    print(joto)
    with open('joto.txt', 'a') as f:
        f.write(str(joto) + '\n')
    time.sleep(600)
```

Tizama zile milisekunde 750. Kihisio kinahitaji muda huo kumaliza kupima. Ukiufupisha, unaweza kusoma 85, namba ambayo kihisio huanza nayo kinapopata umeme, wala si joto la bahari.

Hifadhi ndani ya Pico kwa jina main.py. Jina lisiwe jingine, maana hilo ndilo linaloanza lenyewe umeme ukiwaka, bila kompyuta.

Umeme wa baharini: tumia betri tatu za AA, chanya mguu wa 39, hasi mguu wa 38. Pawabenki nyingi hujizima zikiona kifaa kinakula umeme kidogo. Betri zikiwa zimeunganishwa, usichomeke USB, zitoe kwanza.

Weka vyote kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, tundu la waya uzibe kwa silikoni. Kopo usilifunge kwenye kigingi cha mwani, maji yakijaa litazama. Lifunge ndani ya ngalawa iliyotia nanga karibu na shamba, kichwa cha chuma kishuke majini.

Pico haina betri ya saa, kwa hiyo andika kwenye daftari saa uliyoiwasha. Kila mstari wa joto.txt ni takriban dakika kumi baada ya uliotangulia. Ukikirudisha nchi kavu, suuza kihisio kwa maji baridi ya bomba, ukaushe, ndipo ufungue kopo na kuhamishia faili kwenye kompyuta.