Mwepesi wa Nini?

Assalaam aleikum. Ahsanteni kwa kuacha baraza zenu jioni hii, na nyinyi vijana wa mashua ahsanteni zaidi, maana najua maji yamejaa na wageni wako gatini.

Leo tutatazama maneno ambayo Waingereza huyatumia pale sisi tunaposema "mwepesi", nami nitaanza na aibu yangu mwenyewe. Zamani, kabla sijashika chaki, nilikuwa nikiwatafutia wageni mashua hapa Lamu. Siku moja nikataka kumsifu nahodha wangu mbele ya familia moja ya Waingereza. Kichwani nilikuwa na neno "mwepesi": mtu wa chapuchapu, upesi kwenye kamba, upesi kwenye tanga. Kamusi yangu ilikuwa imepanga maana za neno hilo kwenye mstari mmoja, nami nikaokota moja, "easy". Nikasema, "My captain is a very easy man." Baba wa familia akatabasamu, akamwendea nahodha na kumkata bei nusu kwa nusu. Yeye alielewa kwamba huyu ni mtu asiyebishana. Nahodha hakunisemesha mpaka tukafika kijiji cha Shela.

Kamusi haikuwa na makosa. Tatizo ni kwamba "mwepesi" wetu hasimami peke yake. Twasema mwepesi wa kuelewa, mwepesi wa hasira, mwepesi wa kusahau. Ukiniambia fulani ni mwepesi, nitakuuliza: wa nini? Waingereza swali hilo wamelijibu ndani ya neno lenyewe, wakawa na maneno chungu nzima, kila moja na kiungo chake cha mwili na mahali pake pa kazi.

Tulitazame "agile". Picha yake mnaijua. Mashua imelala upande, baharia amekaa kwenye ubao uliotokeza nje upande wa joshini, unakotoka upepo, maji yanamchapa mgongoni. Nahodha anaamua kubisha, yaani kugeuza chombo ili upepo uingie upande wa pili. Kufumba na kufumbua kijana yule amesharudi ndani, ameinama chini ya tanga, ubao umesukumwa ng'ambo ya pili, naye yuko juu yake tena. Hajakanyaga kamba hata moja. Mwili mzima umegeuka pamoja na chombo. Huyo ndiye "agile". Neno limetoka kwenye Kilatini, kitenzi "agere", yaani kutenda au kuendesha, na mwendo huo wa mwili wote bado umo ndani yake.

Nyinyi mnaosaka kazi kwenye intaneti mtaikuta "agile" nyingine isiyohusu mwili hata kidogo. Hiyo ni ya waandishi 17 wa programu za kompyuta waliokutana Snowbird, Utah, kule Marekani, Februari 2001, mwaka uleule mji wetu huu ulipoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia. Walilichagua neno hili kwa maana ya kufanya kazi kwa vipande vidogo na kugeuka mapema mteja anapobadili nia. Kwa hiyo ukiulizwa habari za "agile" kwenye usaili, usianze kueleza unavyopanda mlingoti.

Sasa "nimble", ambalo ndilo nilipendalo mimi. Kiingereza cha kale kilikuwa na kitenzi "niman", kutwaa. Basi "nimble" kwa asili yake ni mwepesi wa kutwaa, na ndiyo maana mpaka leo vidole vinalipenda. Nendeni kijijini Matondoni mkamtazame bibi anayesuka ukili. Macho yako kwako, anakuuliza hali ya mama yako, na vidole vinaokota, vinakunja, vinapitisha chini, vinaokota tena, kana kwamba ni vya mtu mwingine. Na kitenzi hichohicho kimezaa "numb", ganzi. Mmoja ndiye atwaaye, mwenziwe ndiye aliyetwaliwa. Siku nilipoligundua hilo sikulala, mke wangu akadhani nina madeni.

Mtanibishia kwamba mbuzi juu ya ukuta aweza kuitwa "agile" na "nimble" pia. Ni kweli. Lakini "nimble" hutaka kitu kidogo, cha miguu myepesi. Beki mkubwa wa mpira aweza kuwa "agile". Kumwita "nimble" ni mpaka atushangaze.

Tahadhari moja hapa. Msitafsiri "mkono mwepesi" mkidhani mnasifu. Kwetu mwenye mkono mwepesi ama ni mwizi ama ni mpigaji. Waingereza nao wana "light-fingered", na huyo naye ni mwizi. Hapo tumekutana.

Fundi wa kuchonga milango ni "dexterous", kutokana na "dexter", mkono wa kulia. Wao mkono huo wameupa ustadi, sisi tumeupa sahani ya wali: mkono wa kulia, wa kulia chakula. "Deft" ni ustadi wa tendo moja safi, patasi ikigongwa mara moja na kipande kikaruka. Ndugu yake ni "daft", mpumbavu. Wote wawili wametoka kwenye neno la kale la upole. Mpole mmoja akawa fundi, mwingine akaonekana bwege.

"Lithe" na "supple" si maneno ya kasi, ni ya kunyumbuka, kama bakora ya henzirani ukiipinda ikarudi. La kwanza ni la mwili mwembamba, la pili hata ngozi na viungo hulipata. Chatu akilala juani bado ni "lithe".

Halafu kuna "spry". Mzee wa miaka 80 anayeingia uwanjani kirumbizi, ngoma yetu ya bakora, kinapopigwa, akakwepa bakora ya mjukuu wake, huyo ndiye mwenyewe. Ni sifa ya wazee. Mwanafunzi wangu mmoja alimwambia hivyo bibi harusi aliyeruka kutoka mashuani akiwa fungateni. Nilimlipia soda siku hiyo, maana bakshishi hakupata.

Naona mkono kule nyuma. Naam? Punda?

Swali zuri. Punda anayepita mtaa wa Langoni na mchanga mgongoni si "agile" wala si "nimble". Huyo Waingereza humwita "sure-footed", mwenye kukanyaga pa hakika, na kwenye ngazi zetu zilizolowa hakuna sifa iliyo kubwa zaidi. Na yule wa mashindano ya Maulidi? Hapo kwanza nionyesheni aliyempanda.