Luano hadi Guangzhou: masaa yamekwenda wapi?

JOSÉE: Karibuni tena, hapa Lubumbashi. Umeme upo, basi tuongee upesi kabla haujabadili mawazo.

PATIENT: Yaya, jirani yangu anauza viatu soko la Kenya, ile komini yetu ya hapa Lubumbashi. Anakwenda Guangzhou, China, mara ya kwanza. Jana kanitolea tiketi, ameipiga mistari kwa biki nyekundu. Anabadili ndege Addis Ababa, anatoka pale saa nne usiku, anafika Guangzhou saa saba mchana. Amehesabu masaa 15. Kurudi, anatoka saa sita usiku, Addis saa kumi na mbili asubuhi. Masaa 6! Anasema ndege ya kurudi ndiyo nzuri, kwa nini wasimpe hiyo hiyo ya kwenda?

JOSÉE: (anacheka) Maskini. Tiketi inaandika saa ya pale ndege inapotua. Guangzhou wako mbele ya Addis kwa masaa 5. Kwenda, toa 5: zinabaki 10. Kurudi, ongeza 5: 11.

PATIENT: Kumbe ile anayoisifu ndiyo inayochelewa!

JOSÉE: Ndiyo hiyo. Huko juu, kama kilomita 10 kutoka ardhini, kuna upepo mkali unaotoka magharibi kwenda mashariki. Wakati wa baridi yao unapita kaskazini mwa India hadi kusini mwa China. Ukienda unakusukuma mgongoni, ukirudi unakupiga usoni. Injini ni zile zile.

PATIENT: Hata sisi na Kinshasa tunadanganyana hivyo. Unatoka Luano, uwanja wetu wa ndege, saa nne, unatua N'djili, uwanja wao, saa tano na robo, shemeji anasema, "Aa, mmekuja mbio!"

JOSÉE: Wapi mbio! Ni kilomita 1,550 hivi, masaa mawili na zaidi. Kin wako nyuma yetu saa moja, basi. Nchi moja, majira ya saa mawili. Mimi hilo limeshanikosesha mkutano, tuliache.

PATIENT: Swali lake la pili: kupitia Addis si kuzunguka?

JOSÉE: Hapo nilichukua uzi wa kushonea na ile dunia ya plastiki ya mtoto. Shika ncha moja Lubumbashi, nyingine Guangzhou, vuta mpaka ukaze. Unapita juu ya Tanzania, unaingia Bahari ya Hindi. Kilomita 10,100 hivi. Sasa uupitishe Addis: 2,600 mpaka pale, halafu 8,000. Jumla 10,600.

PATIENT: Tofauti 500 tu?

JOSÉE: Tu. Kutoka hapa mpaka Kolwezi na kurudi ni zaidi ya hapo, na ile barabara unaijua. Lakini upitie Brussels, kama wazee wetu walivyozoea kila safari: unafika 16,500.

PATIENT: Kilomita 6,000 za bure.

JOSÉE: Bure? Unazilipa! Mwambie pia asitazame kilomita peke yake. Kinachomaliza mtu ni kukaa Addis kungoja ndege ya pili, shingo imepinda, begi chini ya miguu.

PATIENT: Nitamwambia. Ila ameshaniomba nimpokee Luano siku ya kurudi, na saa kanipa.

JOSÉE: Ameihesabu nani?

PATIENT: Mwenyewe. Kwa yale masaa 6.

JOSÉE: Beba kiti.